Pamba ya Iside

Sikuwahi kumpenda Iside Ghidini, na sitaanza leo eti kwa sababu amekufa. Miaka ishirini na sita alikaa dirishani pale kiwandani, hapa kwetu bondeni Gardone, akikagua vipuri vidogo vya bunduki za kuwindia: springi, skrubu, na zile kulabu za kuchomolea ganda la risasi ambazo mimi nilikuwa nikizichonga kwa tupa nyumbani. Hakuwa akisalimia mtu. Hata mkate wake aliula akiwa amekupa mgongo.

Kipimo chake kilikuwa pamba. Sisi mafundi tulisugua chuma mpaka ukajiona meno ndani yake, naye mng'aro hakuutazama hata kidogo. Alipitisha pamba ukingoni, na ikinasa hata uzi mmoja, basi kuna kijimwiba cha chuma pale, na ipo siku kulabu itakwama nguruwe mwitu akiwa mbele ya mtu. Hapo alichukua tupa na kukichana kipuri mfuo wa kina katikati, kisiuzike tena. Sauti ile ilinikera kuliko matusi.

Mwaka mmoja alinikatalia trei mbili mfululizo. Trei ilikuwa na kulabu thelathini, na iliruhusiwa kuharibika moja tu. Ukikataliwa trei ya tatu, kazi anapewa mwingine. Kwa hiyo ya tatu niliichonga wiki nzima, na niliamini ni safi. Ningeipeleka na kufunga mdomo, ningepita.

Lakini roho ilikuwa inanichemka. Baba yake, mzee Battista, ndiye aliyenifundisha kushika tupa, na bonde zima lilimvulia kofia. Alipoacha kazi alinipa kulabu yake ya mwisho iwe kumbukumbu. Basi asubuhi ile nilitoa moja yangu kwenye trei nikaitia mfukoni, na mahali pake nikaweka ya mzee. Nilijiambia, akiikataa nitamuumbua mbele ya mafundi wote.

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu.

"Bi Iside, taratibu basi," nikamchokoza. "Kwani unatafuta chawa?"

"Kwako sitafuti, Fausto. Wanakuja wenyewe."

Foleni ikaangua kicheko. Kwenye kulabu ya tisa, yangu mwenyewe, pamba ikanasa. Akaichana. Kwenye ya ishirini na mbili ikanasa tena, akainua tupa.

"Ngoja!" nikapiga kelele nikiwageukia wenzangu. "Mmeona, jamani? Hiyo kaichonga baba yake mzazi! Huyu mama kamkataa Battista!"

Iside hakuinua hata uso.

"Naijua," alisema. "Aliichonga macho yake yakiwa yamekwisha. Niliikataa siku ileile, akaniomba nisiichane. Ni kulabu moja tu niliyowahi kumwachia mtu."

"Basi si uiache!"

"Baba alikupa iwe ukumbusho. Wewe umeileta hapa ikafungwe kwenye bunduki ya mtu."

Akaichana. Aliichana polepole kuliko zote, na safari ile sauti ya tupa ilinichoma mimi.

"Mbili," akasema. "Trei imekataliwa."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichojifanyia. Nikaichomoa ile ya mfukoni.

"Nilibadilisha, Bi Iside. Ya kwangu ni hii. Ipime, nakuomba, mbele ya hawa wote."

Nilidhani atanicheka. Aliipokea, akapitisha pamba upande huu, akageuza, akapitisha upande wa pili. Pamba ikateleza, haikuacha uzi.

"Nzuri," akasema.

Ndilo neno jema pekee aliloniambia maishani mwangu. Akanirudishia kulabu yangu mkononi, trei akaiacha kando na zilizokataliwa, na kutazama nyuma yangu.

"Anayefuata!"