Majina Ndani ya Mfuko wa Fulgence

Wapiga picha wengine wa Bunia, wakiorodhesha vyombo vyao, huandika bateri, lensi, karte ya kuhifadhi picha. Fulgence, yeye, ameandika majina ya watu aliowaharibia siku yao. Karatasi ameibandika ndani ya mfuniko wa mfuko wa kamera, na hapigi hata picha moja kabla ya kuisoma kwa sauti. Mireille ni bateri: ilizimika pale pale pete ilipokuwa inaingia kidoleni. Lionel ni lensi, maana vumbi letu hili lilimgeuza bwana arusi akawa kama moshi. Kitu unaweza kukisahau, husema Fulgence, lakini mtu uliyemliza huwezi kumsahau.

Jina la mwisho ni Mama Léontine. Yule mama alikimbia vita vya Djugu mikono mitupu, nyumba imeungua na picha zote, akaomba apigwe moja tu ya kumwachia binti yake. Fulgence akapiga thelathini, kumbe karte iko nyumbani kwenye kompyuta! Aibu ikamshika, akachelewa kurudi wiki mbili, akakuta mama amezikwa. Fulgence akamdanganya binti, Bénédicte, kwamba kompyuta ilikufa na picha zote.

Na Jumamosi hii bibi arusi ni Bénédicte. Amemwita yeye yule yule, kwa sababu mama yake alimpenda.

"Mireille," Fulgence alisoma mbele ya Bénédicte, akagusa bateri. "Lionel." Akafuta lensi. Kisha kidole kikasimama kwenye jina la mwisho. Akiruka jina, anaruka na karte. Akilisoma, uongo wa miaka mitatu unatoka nje.

"Endelea basi, yaya," Bénédicte alimcheka kama anavyomcheka kaka mkubwa. "Padiri anatungojea."

"Mama Léontine."

Kicheko kilikatika. "Ile ni jina ya mama yangu. Inafanya nini mu mufuko yako?"

Njia ya mwongo ni fupi, jamani, na yake ilikuwa imefika mwisho. Akasema yote, macho chini. Bénédicte akalia mpaka machozi yakachora mifereji kwenye poda ya mashavuni, akamwita mwongo, mara tatu. Fulgence akaanza kufunga mfuko.

"Nitakutafutia mupiga picha mwingine, dada."

"Mwingine wa nini? Weye unasomaka ile jina kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

Bénédicte alijipangusa uso kwa kiganja. "Kwetu hakuna mutu anaitajaka tena. Wanaogopa nitalia."

Akafungua kamera mwenyewe, akagusa karte kwa kidole, akafunga.

"Soma tena, toka mwanzo," alisema. "Na usome kwa nguvu."