Mshona Bendera za Nchi Isiyo na Bahari

Kitendawili! Nyumba yangu ina makasia, ina mabaharia, lakini mlango wa pwani anao jirani. Umeshindwa? Basi nipe mji, ila usinipe Antofagasta, huo tulishanyang'anywa. Jibu ni Bolivia.

Saa moja asubuhi. Eulogia Chambi, miaka 61, anakanyaga cherehani yake hapa Tiquina, kando ya ziwa Titicaca. Anashona bendera za jeshi letu la majini, ambalo mashua zake ziko ziwani. Siku ya Bahari, tarehe 23 Machi, ni wiki ijayo, na shule kumi na mbili zinamsubiri.

Bendera ni ya buluu. Ina nyota tisa ndogo za mikoa tuliyo nayo, na moja kubwa ya pwani iliyopotea. Hiyo kubwa huishona mwisho, kwa mkono. Bendera moja humpa boliviano 60.

"Watu hudhani nchi isiyo na bahari imezaliwa hivyo," anasema. "Sisi tulizaliwa nayo. Babu yake babu yangu alibeba magunia ya shura, ile chumvi ya mbolea na baruti, bandarini Antofagasta. Jangwa lile lilikuwa na mali, watu wetu kule wachache, Wachile wengi. Tukagombania kodi, mwaka 1879 vikaja vita. Pwani yote ikaenda."

Mzee yule alipanda milimani na watoto wawili na sufuria. Tangu hapo ukoo uliapa: hakuna atakayemwomba Mchile ruhusa ya kuingia kule.

Lakini Zulma, binti yake wa pekee, alikwenda Antofagasta kutafuta kazi, akaolewa huko huko. Sasa mimba imefika mwezi wa tisa. Mara tatu amempigia mama yake simu kumwuliza kama atakuja kumtunza akijifungua. Mara tatu mama amemjibu habari za mvua.

Fidelia Laruta, jirani anayemsaidia kukunja bendera, anainua moja dirishani.

"Wewe Eulogia, macho umeyaacha wapi leo? Hesabu nyota."

"Tisa."

"Kumi. Zote ndogo. Pwani nzima umeifanya mkoa tu, kama Oruro. Mwalimu mkuu atazimia."

Eulogia anaichukua, anaitazama. Anacheka kidogo, kisha anajifuta macho kwa ncha ya shali.

"Nilikuwa namuwaza Zulma. Anasema miguu imevimba, viatu haviingii."

"Na wewe ukamwambia mvua imenyesha."

"Tuliapa, Fidelia."

"Mliwaapia marehemu, Mungu awalaze pema. Huyo anayekuja kamkosea nani?"

Eulogia anafumua ile nyota ya kumi taratibu, uzi mmoja mmoja, asije akachana kitambaa. Namuuliza ana mpango gani baada ya bendera hizi. Ananionyesha mbeleko nyekundu iliyokunjwa juu ya kabati. Ameifuma mwenyewe, tangu Desemba.

"Nilitaka kuituma kwa basi," anasema. "Lakini mbeleko bila bibi ni kitambaa tu."

Simu inalia mezani. Fidelia anaiwahi, anabonyeza, anamsogezea sikioni.

"Mama," sauti ya Zulma inasikika hadi mlangoni, "sitauliza tena baada ya leo. Utakuja?"

Eulogia anaiweka sindano chini.

"Nakuja Jumamosi, mwanangu. Nyota zilizobaki atamalizia Fidelia. Na mumeo mwambie asinipeleke baharini siku ya kwanza. Kwanza nikuone wewe."