Injini ya Kiti cha Masunga

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofurika mpaka Mikumi, Masunga fundi viatu alifanya mambo. Huyu ni Msukuma, alifika wilaya hii ya Kilosa pamoja na kaka zake wakifuata malisho ya ng'ombe. Miguu yake ilipooza utotoni, akawa anatembelea kiti cha magurudumu matatu, cha kuzungusha kwa mikono. Basi akanunua injini kuukuu ya pampu ya maji, akaifunga nyuma ya kiti kwa nati. Siku ilipowaka, kuku wa mtaa mzima walikimbilia porini.

Msidhani yalikuwa majivuno. Kati ya nyumba yake na kibanda chake cha kazi kuna kilima, na miaka yote mkewe Generoza ndiye aliyemsukuma pale, asubuhi na jioni, mgongo ukimuuma. Masunga alimpenda mwanamke yule, jamani, wala hakuficha. Injini ilipokamilika alimwapia kwamba hatamsukuma tena maishani.

Jioni moja, akiwa njiani kurudi, akasimamishwa njia panda na trafiki mgeni, Afande Lucas. Kijana alimpa shikamoo kwanza, akaitikiwa marahaba, ndipo akauliza namba iko wapi, leseni iko wapi, helmeti iko wapi. Chombo chenye injini kikiingia barabarani, alieleza, kinataka vyote hivyo, kiwe lori kiwe kiti.

Masunga naye akamuuliza kwao ni wapi. Akajibiwa Ulaya, si ile ya Wazungu, kijiji cha huku huku Kilosa, na kabila ni Msagara. Loo, mzee akacheka mpaka akashika mbavu! Msagara na Msukuma ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akikunyang'anya kitu hununi. Unamsimanga, watu wanacheka, kisha anakurudishia. Masunga akamwambia achukue tu, Wasagara wamezoea kula vya watu. Akatoa spana, akamwelekeza nati za kulegeza. Afande akatabasamu, maana utani anaujua, akaibeba injini mpaka kituoni.

Masunga akangoja irudi. Akangoja, wapi! Lucas aliporejea mikono mitupu, mzee akamwambia haya basi, yatosha, ailete. Ndipo kijana akamweleza pole pole, bila kejeli, kwamba hakuwa anatania. Kiti kikakaguliwe Kilosa mjini, kipewe namba, na mwenye kiti apimwe udereva. Yeye mwenyewe atampeleka. Kabla ya hapo injini haitoki.

Kicheko kikamkauka Masunga.

"Mtani," alisema, "ungechukua hata viatu vya wateja wangu. Kwa nini umrudishe mke wangu nyuma ya kiti hiki?"

Lucas akavua kofia yake, akaiweka mapajani mwa Masunga, akaanza kusukuma. Trafiki, na sare yake nyeupe, anasukuma kiti cha fundi viatu! Watu wakatoka vibandani kushuhudia. Siku nyingine Masunga angemsimanga mpaka mate yakauke, lakini jioni ile aliishika tu ile kofia mapajani, moyo mzito.

Katikati ya kilima wakamkuta Generoza anateremka mbio, kanga ameikaza kiunoni, habari zilishamfikia. Masunga akaanza kumwomba radhi, kwamba kiapo chake kimevunjika, kwamba ni ujinga wake mwenyewe. Generoza akamwacha aseme mpaka akamaliza.

"Nilichoka kilima, baba Imani. Wewe sijakuchoka," alisema. "Tangu ulete lile lidude unakwenda peke yako, unarudi peke yako. Mimi nizungumze na nani?"

Lucas akataka kumpisha. Generoza akamkatalia, akamwambia ashike upande wa pili, mgongo wake yeye si wa chuma. Wakasukuma wote wawili, mama akianza kusimulia ya mchana kutwa, na Masunga akajifunika uso kwa kofia ya afande, akalia.