Mjomba wa Eden Prairie

Nakumbuka alasiri moja ya Desemba, mwanangu, nilivyosimama mbele ya mlango wa watu nisiowajua kule Eden Prairie, begi begani, machozi ya baridi yakigandia kwenye kope, nikimwomba Mungu mwenye nyumba asiwepo. Nyuma yangu gari linaunguruma. Haliondoki.

Kabla sijaendelea, acha kucheka hiyo "mwanangu". Najua nina miaka kumi na tisa na insha ya historia bado sijaigusa. Lakini nimemaliza winta moja ya Minnesota, wewe ya kwanza hujaifikisha hata katikati, na kwa hesabu ya hapa mimi ni babu yako. Kaa chini. Au simama, maana wiki ya mitihani hakuna anayetulia katika bweni hili; mimi mwenyewe naandika huku nainuka kila mara kuchungulia dirishani.

Mwaka jana nilikuwa kama wewe. Nilitua Agosti, jua la Morogoro kabisa, nikajipatia marafiki kwa mdomo. Nikiingia bwaloni, meza nzima inageuka kungoja kichekesho. Ikaja theluji, watu wakahamia kwenye zile njia za chini ya ardhi kati ya majengo, kila mtu kajifunika mpaka puani, mbio. Unapishana na uliyecheka naye jana, hamjuani. Ndipo nikaona tangazo ukutani: mitihani ikiisha bweni linafungwa mpaka Januari, kila mtu aende kwao. Kwetu Morogoro, mwanangu. Hakuna basi.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa Erik, kijana mrefu wa mji wa Blaine, mkimya kuliko friji, maana friji angalau huguruma. Siku moja anakunja soksi zake, bila kuinua kichwa, akaniuliza kama ningependa kwenda kwao likizo. Moyo uliruka. Sasa wewe umelelewa kama mimi: ukikaribishwa chakula unasema nimeshiba, tumbo linalia, mwenyeji anasema aa, onja tu, unasema usijisumbue, anakuvuta mkono, ndipo unakaa na kumaliza sahani. Kukubali neno la kwanza ni ulafi, bibi yangu angenifinya. Basi nikamwambia Erik asijisumbue, niko sawa. Nikangoja anivute mkono.

Akasema sawa, akaendelea na soksi.

Hakurudia. Na mimi nikaombe nilichokwisha kukataa? Heri nilale kwenye theluji. Kwa hiyo watu walipoanza kuuliza naenda wapi, nikamzaa mjomba.

Mjomba alizaliwa mtu mzima, Eden Prairie, kwa sababu nilisikia huko ndiko wanakokaa wenye nafasi. Kila siku akanenepa. Nikampa gereji yenye hita, nikampa mbwa anayeogopa theluji. Meza ilicheka. Achieng', dada wa Kisumu aliyekuwa mwaka wa tatu, yeye hakucheka. Akaniangalia hadi nikaanza kuchezea uma.

"Huyo uncle wako ako na gereji na mbwa, na hajai ku-call hata siku moja," akasema. "Wewe Mtanzania, niambie ukweli. Uko na mahali pa kukaa?"

Nikamwambia mjomba ni mtu wa vitendo, si wa simu. Akatikisa kichwa, akasema sisi Watanzania adabu itatuua, na tutakufa tukisema asante, nimeshiba.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kama kutoka chuoni mpaka Eden Prairie, kwa sababu siku ya kufunga bweni Erik alichukua begi langu akalitia kwenye buti. Kule hakuendeki bila gari, akasema. Atanifikisha kwa mjomba, kisha apande kaskazini kwao. Nikamwambia asijisumbue. Safari hii ndipo akasisitiza.

Tulizunguka. Mitaa ya kule imejikunja kama utumbo, na nyumba zote baba mmoja mama mmoja. Nikawa nasema kushoto, kulia, tena kushoto, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akizoa theluji kwa koleo akaanza kutupungia mkono kama majirani. Mwishowe nikachagua mlango mwekundu. Nikashukuru, nikateremka, nikangoja Erik aende zake. Baada ya hapo nini? Sikuwa na mpango. Lakini watu wa huku wana mila moja hawaifundishi darasani: akikushusha kwenye baridi, haondoki mpaka akuone umeingia ndani. Erik alikaa, ananitazama kwa upole wa kuua.

Nikabonyeza kengele. Akafungua mama mmoja mwenye aproni, nyuma yake watoto wanapigana. Hakuwa mjomba kwa kipimo chochote. Nikamwomba radhi, nikasema labda nimekosea nyumba. Akauliza kwa wema tu, namtafuta nani. Na mimi, fundi wa maneno, kipenzi cha meza nzima, mjomba wangu sikuwa nimempa jina.

Nilirudi garini. Vidole vilikataa kushika kitasa, Erik akanifungulia kutoka ndani.

"Hakuna mjomba," nikasema.

Erik alinigeukia. "Nilidhani hutaki kuja kwetu."

Hakuuliza tena. Akageuza gari, tukaelekea Blaine.

Jikoni kwao tulimkuta bibi yake akimenya viazi. Erik alimweleza yote kwa sentensi mbili, usaliti mtupu. Bibi akamgeukia mjukuu kwanza: alikuwa ameniuliza mara ngapi? Mara moja, akasema Erik. Bibi akasema kuuliza mara moja ni kupiga chafya, si kumkaribisha mtu. Kumbe na wao, wazee wao, hawagusi kahawa mpaka wameikataa kwanza na kubembelezwa. Ni vijana waliosahau. Nikaanza kutabasamu, nikijiona nimeshinda kesi. Ndipo akanielekezea kisu.

"Na wewe, kijana. Adabu ya kukataa ni ya kiangazi. Baridi kama hii, mtu akikuambia ingia, unaingia. Utakataa ukishaota moto."

Akaniuliza kama nina njaa. Mdomo ulikwisha kufunguka kusema nimeshiba. Nikaufunga. Nikasema nina njaa sana. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mimi nilipewa kisu na viazi papo hapo, na sijawahi kujisikia nyumbani namna ile.

Basi nasaha ndiyo hii, mwanangu. Vichekesho vitakujazia meza, ila havitamwambia mtu unalala wapi. Sema unachokosa. Mficha uchi hazai, na huku mficha uchi huganda. Ukikaribishwa mara moja, kubali hiyo hiyo moja. Na siku ukiwa wewe ndiye mwenyeji, uliza, uliza tena, maana huyo anayesema yuko sawa huenda kalelewa na bibi kama wangu.

Simtaji mtu. Ila jana kwenye foleni ya chakula nilimsikia mmoja wenu akisema bweni likifungwa ataenda mji wa Savage kwa shangazi yake, mwenye gari jipya na sebule ya kuotea moto. Nilimpenda sana huyo shangazi. Anafanana na mjomba wangu. Sasa nakuuliza: twende Blaine? Nakuuliza tena: twende Blaine? Na ya tatu hii hapa. Gari la Erik linaondoka Ijumaa mtihani wa mwisho ukiisha, bibi ameshaambiwa, na viazi havijamenywa.

Mungu akukinge na barafu iliyojificha chini ya theluji, akupe soksi nene, na mtu wa kukungoja mpaka uingie ndani. Na kila mlango utakaoubishia hodi, uwe unalijua jina la mwenye nyumba.