Jino la Bunduki ya Masanja

Kama una kitu kibovu na hutaki kitengenezwe, usimpitishie Tusajigwe mlangoni. Nasema hivi kwa sababu kibanda changu cha cherehani, hapa Mlandege mjini Iringa, kimegusana ukuta na karakana yake, na mimi Liberatus nimemwona kwa macho yangu akimfuata mteja mpaka stendi kumnyang'anya pasi ya mkaa aliyokuwa ameshakata tamaa nayo. Ni mama wa Kinyakyusa, mrefu, mwenye sauti nzito na miwani iliyofungwa kwa uzi. Uzi wenyewe ni wangu, na hajawahi kuomba. Anatengeneza mizani, makufuli, vyerehani na bunduki. Ndiyo, bunduki. Leseni yake imetundikwa ukutani na polisi wanamjua. Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake Isakwisa, fundi wa wawindaji kule Mbeya, aliyemkataza kabisa kumwambia mteja kwamba kitu hakitengenezeki. Aseme tu, "Bado sijaweza." Maneno hayo mawili yamenikera miaka mingi, maana kila akiyasema najua tupa yake ya kusugulia chuma itakwaruza ukutani kwangu hadi jioni.

Julai ya mwaka jana alikuja kijana wa Kisukuma kutoka Rujewa, kule Usangu, anaitwa Malimi, na bunduki ya kuwindia ndani ya mfuko wa turubai, pamoja na kibali cha kuisafirisha. Ilikuwa ya marehemu baba yake, Mzee Masanja, aliyehamia Usangu zamani na ng'ombe wake akitokea Shinyanga. Ni bunduki ya kikoloni, mti wake umekuwa mweusi kwa kushikwa. Mzee aliitumia kufukuza viboko mpungani. Sasa Malimi alitaka kuimiliki kisheria, na afisa wa silaha kule Mbeya alikuwa amemwambia wazi: italetwa ikaguliwe, na isipokuwa salama itaunganishwa na zile zinazosubiri kuteketezwa.

Na salama haikuwa. Tusajigwe alihakikisha haina risasi, akaikoki, akagusisha kitako mezani. Ikajifyatua yenyewe bila kidole kuisogelea. Mimi nilidondosha mkasi.

"Jino limekwisha," akasema. Jino ni kichuma kidogo cha ukubwa wa ukucha, ndicho kinachoizuia pini mpaka mtu avute kifyatuo. Hili la Masanja lilikuwa limelika hadi ncha yake ikawa butu.

"Dukani linapatikana, mama?" Malimi akauliza.

"Kiwanda chenyewe kilikufa wewe hujazaliwa."

"Basi ndiyo itachomwa." Kijana alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akashika kichwa. "Mama yangu hatalala. Kitu cha baba kilichobaki ni hiki. Ng'ombe tuliuza wakati anaumwa."

Tusajigwe alivua miwani akaifuta kwa kanga. "Bado sijaweza," akasema, na mimi nikajua tumekwisha.

Alianza kwa kutafuta. Alituma picha kwa mafundi wa Arusha. Mmoja akamjibu kwa simu amshauri mteja anunue bunduki mpya, naye akamkatia. Alikwenda Idodi kwa mwindaji mstaafu mwenye mabaki ya bunduki za namna hiyo, akarudi na vumbi kichwani na jino lililofanana na lile kwa mbali tu, kama mtu na binamu yake. Hapo akaacha kutafuta, akatengeneza. Alikata chuma kutoka kwenye springi ya gari, akapiga tupa, akapima, akatupa. Lile la kwanza lilikuwa fupi. Lililofuata lilikuwa gumu mno likavunjika. Nikamwambia kupitia ukutani, "Mama, hata Mungu alipumzika." Akanijibu kwamba Mungu alikuwa ameshamaliza.

Hatimaye likakaa. Bunduki ilikuwa imejaa mafuta mazito ya manjano ndani. Aliyaosha kwa mafuta ya taa akidhani ni uchafu wa miaka, hakuuliza. Lile jino la zamani akalitupa kwenye kopo la vyuma chakavu. Aligonga kitako mezani, kwa mkono na kwa nyundo ya mbao, bunduki haikujifyatua. Aliposogeza kidole tu, ta, safi kabisa. Malimi akaondoka anacheka, akapitia kwao Rujewa kulala, kisha Mbeya kwa afisa.

Siku chache baadaye alirudi hachekei mtu.

"Mama, tumeaibika," alisema akiwa bado mlangoni. "Afisa amevuta kifyatuo, hakirudi. Jino limekwama. Amesema anatupa nafasi moja tu, Jumatatu. Baada ya hapo inakwenda na zingine."

Sijawahi kuona uso wa Tusajigwe ukishuka namna ile. Aliilaza bunduki mezani, akaifungua, akainusa. Halafu akainua kichwa taratibu.

"Nani ameipaka samli?"

Malimi akatazama viatu vyake. "Ni mama."

Hapo ndipo tukajua. Nyumbani kwa Masanja kila kilichotoka safari hupakwa samli kikirudi: mtu kwenye paji la uso, jembe kwenye mpini, na bunduki ndani na nje, maana mzee mwenyewe ndivyo alivyokuwa akiifanya. Usangu kuna joto, samli ile inabaki laini na hakuna tatizo. Lakini asubuhi ya Julai kule Mbeya ni baridi ya kuuma meno. Samli iliganda katikati ya jino na ndugu zake, likakwama kama mlango uliovimba kwa mvua.

Mimi niliona jambo jepesi. "Osha tena, apande basi moja kwa moja mpaka Mbeya, asipitie nyumbani. Kwisha."

Tusajigwe aligeuka akanitazama kwa hasira ya kweli. "Libe, afisa ataishika mara moja. Huyu ataishika maisha yake yote. Jumatatu apite, Jumanne mama apake, halafu siku kiboko yuko mbele yake jino likwame? Sikulitengeneza jino kwa ajili ya afisa."

"Mama hakubali," Malimi akasema. "Nimeshamwambia. Anasema bunduki ya baba haitoki ikiwa kavu kama ya mwizi."

"Basi nakwenda kumwona mwenyewe."

Aliiosha bunduki samli yote. Kabla ya kwenda alisimama muda mrefu akitazama kopo la vyuma chakavu. Kisha akalimimina lote sakafuni, akapiga magoti. Misumari, springi, bawaba, vipande vya makufuli ya nusu ya Iringa. Nikaleta sumaku yangu ya kuokotea pini, ikanasa kila kitu, akanifukuza. Alikuwa akipekua kipande kimoja kimoja, anakiinua kwenye mwanga, anakiweka pembeni. Jua lilishuka, bado anapekua. Nilipofunga kibanda nilimsikia akivuta pumzi ndefu. Amekipata alichokuwa anakitaka, na hakuniambia ni nini.

Jumamosi nilifuatana nao Rujewa. Nilijidai nakwenda kununua mchele, lakini ukweli ni kwamba nisingevumilia kuhadithiwa.

Bi Minza, mama yake Malimi, alitupokea uani. Ni mama mfupi, mgongo umenyooka. Aliitikia shikamoo zetu, akaulizia safari, watoto na baridi ya Iringa, akatukarimu wali na maziwa ya mgando, na muda wote huo kibuyu cha samli kilikuwa miguuni pake. Tulipomaliza kunawa akanyoosha mikono kwa mwanawe.

"Lete bunduki ya baba yako. Imetoka safari."

Malimi akamtazama Tusajigwe. Tusajigwe akasogeza kigoda karibu.

"Mama, nakuomba usiipake."

"Wewe ni fundi wa chuma," Bi Minza akasema, hakupandisha sauti. "Chuma umeshatengeneza, wabeja, asante sana. Ya nyumba hii niachie mimi. Masanja wangu aliipaka mpaka mkono ulipokataa. Alipolala kitandani nikaipaka mimi, yeye anatazama. Sasa na mimi niache? Nimwache mume wangu mkavu?"

Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. Mimi nilitamani kurudi Mlandege kwa miguu.

Tusajigwe hakumbishia. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa kitu, akakiweka kwenye kiganja cha Bi Minza. Kilikuwa lile jino la zamani.

"Nilikosa, mama. Nililitoa kwenye bunduki nikalitupa bila kukuuliza. Hili ndilo lililokuwa likingoja kidole chake. Kila alipovuta, lilipungua kidogo. Tazama hapa lilipolika. Hapa si kutu wala uchovu wa chuma. Hapa ni yeye. Nililoweka mimi halijui mtu bado. Halina safari. Hilo niache nilitunze kwa mafuta ya bunduki, mafuta mepesi, nitamwonyesha Malimi. Samli ya mzee ibaki kwa jino lake hili."

Bi Minza alikipitisha kidole pale palipolika, akarudia, akarudia tena. Kuku walipita, hakuna aliyewafukuza. Kisha akafungua kibuyu, akachota samli kwa ncha ya kidole, akalipaka jino lile pande zote taratibu, huku akinong'ona maneno ya Kisukuma ambayo sikuyaelewa na sikupaswa kuyaelewa. Alipomaliza akalifunga kwenye pindo la kanga yake, karibu na kifua. Bunduki ikalala ndani ikiwa kavu.

Jumatatu Mbeya ilikuwa na baridi mbaya, majani yamepauka kwa umande ulioganda. Bi Minza alisisitiza kwenda. Afisa aliikoki bunduki tupu, akagonga kitako. Kimya. Akavuta kifyatuo: ta. Akarudia hadi mimi nikaanza kuchoka kwa niaba ya jino. Kila mara lilirudi mahali pake. Akamgeukia Malimi akasema imepita, na kijana akamkumbatia Tusajigwe mbele ya askari, jambo ambalo kwao si kawaida.

Bi Minza alimwendea Tusajigwe, akafungua pindo la kanga, akagusa lile jino kwa kidole, kisha akampaka Tusajigwe samli katikati ya paji la uso.

"Na wewe umetoka safari," akasema.

Tulirudi Iringa kwa basi lililojaa, na abiria walimshangaa mama yule mrefu mwenye paji linalong'aa. Nilimpa kitambaa. Hakujifuta.