Vitambaa Vyeupe vya Mdogo Wangu

Nilikuwa mtu wa kuwaambia watu kwamba furaha ni uamuzi. Niliwaambia wanafunzi wangu hapa Kitale, nikawaambia akina mama wa kanisani, nikamwambia hata fundi aliyekuja kuziba paa langu huku akilalamikia mgongo. Nilipenda jinsi maneno hayo yalivyosikika mdomoni mwangu. Mdogo wangu aliponihitaji, sikuwa na mengine ya kumpa.

Yeye ameolewa Bungoma, ndani kidogo ukiacha barabara ya Chwele. Alikuwa na binti mmoja wa miaka tisa, mtundu, hodari wa kukwepa kuosha vyombo. Malaria ilimchukua kwa siku nne. Tulimzika, nikarudi kazini, na miezi miwili baadaye nikaenda kumwona mamake. Nilipitia mlango wa jikoni kama nilivyozoea, maana kwetu mlango wa mbele ni wa wageni. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, analia, ugali unaungua.

Niliepua sufuria kwanza. Kisha nikamwambia, "Mtoto wa mama, hii huzuni umeichagua mwenyewe. Furaha iko kichwani. Amua leo kwamba umelia vya kutosha."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nimewaacha wanangu wawili Kitale wakigombania rimoti, wazima, na hapo nikajiona nina hekima.

Alijifuta uso kwa leso, akasema, "Sawa, dada."

Tangu siku hiyo hakulia tena mbele yangu. Alianza kuniuliza kwa simu nitafika saa ngapi, na nikifika namkuta ananingoja mlango wa mbele. Sebuleni alikuwa ametandika vitambaa vyeupe alivyofuma kwa mkono, kila kiti na chake. Kulikuwa na chai kwenye chupa, na kuku, na firigisi ananiwekea mimi. Alitabasamu tangu nifike mpaka niondoke. Nikawaambia akina mama kanisani kwamba mdogo wangu ameamua, wakapiga makofi. Aibu ya makofi hayo ninayo mpaka leo.

Mwaka huu shule zilipofungwa mwezi wa Agosti niliamka nikiwa na hamu naye. Nikabeba maharagwe, sikupiga simu. Bodaboda aliniacha langoni nikazunguka nyuma. Kabla sijafika mlangoni nikamsikia akilia. Alikuwa na jirani yake, mjane anayeuza ndizi sokoni Chwele, na huyo mama hakuwa akimshauri chochote. Alisema tu, "Lia, mama. Lia, mimi niko." Halafu akasema, "Unakumbuka vile alijificha kwa mahindi, ati ndio asioshe sufuria? Tukamwita mpaka jioni, kumbe amelala huko na muwa mkononi!"

Mdogo wangu akacheka. Alicheka huku analia, kile kicheko chake cha utotoni kinachomtokea puani, ambacho mama yetu alikuwa akimkataza mbele ya wageni. Nilisimama pale na maharagwe yangu. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho kwa miaka miwili, na wala sikuwa nimegundua kwamba hakipo.

Nikasukuma mlango. Mdogo wangu alikuwa ameshika sweta ya shule ya mtoto. Aliikunja haraka, akaificha chini ya leso, na uso wake ukabadilika nikiuona.

"Karibu, dada! Si ungepiga simu? Pitia huku mbele."

"Nataka kukaa hapa na nyinyi."

"Hapa kuna moshi, dada."

Moto ulikuwa umezimika kitambo. Nilimfuata sebuleni, na alipokuwa akitandika vitambaa nikamshika mkono. Nikamwambia nilimkosea siku ile. "Nisamehe. Ukitaka kulia, lia hata mbele yangu."

"Ai, dada, nilie nini? Si niko sawa." Akatabasamu tabasamu lile lile, akaenda kuleta chai.

Siku hizi mtu akiuliza kama furaha hutoka kichwani, nasema sijui. Labda hutoka. Ninachojua ni kwamba kidogo iliyombakia mdogo wangu ilikuwa kule jikoni, pamoja na sweta ile, na nilijifungia nje mimi mwenyewe. Inaniuma kuliko ninavyoweza kusema.

Jioni alinisindikiza mpaka stejini. Nilitumaini kwamba njiani atasema kitu, maana kwetu maneno ya kweli husemwa watu wakisindikizana. Alizungumzia mvua. Gari lilipofika akanikumbatia, akanishikisha kuku wa kwenda naye nyumbani.

"Ukikuja tena, dada, upige simu kwanza. Nipate kujitayarisha."

Nikasema, "Sawa."