Sauti ya Kipara

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Wahenga hawakuwahi kufanya kazi kwenye ghala la Eagan, huko ughaibuni. Bahizire aliiba mwezi wa kumi, mwaka 2015. Akahesabu arobaini zikapita, zikaja arobaini nyingine, na hadi Juni hakuna aliyemgusa bega. Aliyeguswa alikuwa Naftali, rafiki yake Mkenya aliyekuwa akifanya naye kazi meza moja. Kadi ya Naftali ndiyo iliyofungua chumba cha kuhifadhia simu siku katoni nzima ilipopotea, na kampuni haikutaka hadithi ndefu. Polisi hawakuitwa. Naftali alifukuzwa kazi, na Bahizire akabaki mezani bila rafiki yake.

Bahizire alikuwa mtu wa Bukavu aliyekaa kambini Tanzania miaka kumi na minne, baba wa watoto watano, na besi ya kwaya. Akisema "haleluya", hata viti vinasikia. Tamaa ilimshika mara moja tu maishani, na mara hiyo ilimtosha. Tangu siku ile akawa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akikaa anatikisa goti, akisimama anatafuta funguo alizozishika mkononi. Kanisani, Naftali alikuwa akiketi benchi la nyuma, na kina mama walio mbele yake wanavuta mikoba yao mapajani, polepole, kwa adabu zote. Bahizire aliona kila mkoba ukivutwa. Alijiapiza kusema baada ya mahojiano yake ya uraia, kisha baada ya Elisée, kifungua mimba wake, kumaliza shule. Mtu akitaka kuchelewa hakosi sababu.

Ndipo akaja Elkanah, kijana Mkenya mwenye kazi ya kompyuta huko Golden Valley, na filamu yake ya katuni. Ilikuwa filamu ya wapelelezi na majambazi, watu wote wa kuchorwa, na wote wanasema Kiswahili. Humo mlikuwa na mwizi mmoja mnene aitwaye Kipara, ambaye mwishoni anasimama mahakamani kuwa shahidi na kutoboa siri ya genge lake mwenyewe. Kipara alihitaji besi. Bahizire angekataa, ila mchungaji alikwisha kukubali kwa niaba yake mbele ya kanisa zima.

Walirekodi ndani ya kabati la majoho ya kwaya, kwa sababu majoho mazito yanameza mwangwi. Mistari ya wizi Bahizire aliisoma vizuri kupita kiasi. Ukamkwama ule mmoja wa mahakamani: "Mheshimiwa, aliyeiba ni mimi. Huyu mnayemfunga hana kosa." Aliusoma mara kumi, kila mara ulimi unakuwa mzito. Mara ya kumi na moja sauti ikapasuka na machozi yakamtoka, jasho nalo halikubaki nyuma.

"Hiyo hiyo, mzee," Elkanah akasema. "Hiyo imeweza. Tuna-save hiyo."

Akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, na hapo ndipo Bahizire alipokosa pa kuweka uso. Kila aliyekutana naye alimsalimu kwa maneno ya Kipara. Watoto ambao siku zote humjibu kwa Kiingereza sasa walimfuata kwenye maegesho wakiimba "aliyeiba ni mimi" kwa Kiswahili safi. Naftali mwenyewe alimpa mkono wa pongezi, na Bahizire akauacha haraka.

Nyumbani alimkuta mkewe Mutesi anakoroga sombe, kisamvu cha kwao Bukavu. Akavuta pumzi.

"Mama Elisée, aliyeiba ni mimi."

"Vizuri," Mutesi akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini juzi ulilia vizuri zaidi."

Alipata nafuu, kisha akaona aibu kwa kupata nafuu. Sombe ile aliila mpaka ikaisha bila kujua ladha yake.

Jumamosi akawasha gari kwenda Woodbury anakokaa Naftali. Alipitiliza njia ya kutokea barabara kuu mara mbili, mara ya pili kwa makusudi. Hatimaye akafika, akavua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kochi. Peris, mke wa Naftali, alikuwa jikoni anapika chai.

"Kipara mwenyewe," Naftali akasema akitabasamu. "Karibu, mzee."

"Baba Brandon, zile simu za Eagan ni mimi niliziiba."

Naftali akacheka mpaka akajifuta macho. "Na Elkanah amebadilisha script? Kwa clip hukutaja simu."

"Hii si script."

"Mzee, umeingia kwa character kabisa. Watakuita Hollywood."

Hasira zikampanda Bahizire, hasira za ajabu. Miezi nane amenyamaza, ameaminiwa. Leo anasema kweli, anapigiwa makofi.

"Koti lako la kahawia lilikuwa kwenye kiti, saa ya break," akasema. "Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa ndani. Pamoja nayo kulikuwa na nusu ya chapati, imefungwa kwenye foil. Nilikuwa na njaa. Nikaila."

Kicheko cha Naftali kikaisha kidogo kidogo. Chapati ile aliikumbuka. Siku ile aliuliza meza nzima ni nani aliyemlia chakula chake, meza nzima ikacheka, na Bahizire akacheka nao. Hilo Elkanah asingeweza kulitunga.

"Jumatatu naenda kwa meneja," Bahizire akaendelea, maneno yakikimbizana. "Wakinifunga, wanifunge. Uraia wakininyima, waninyime. Pardon, ndugu yangu. Nilikuwa naogopa."

Akangoja ngumi. Aliitaka kwa kweli, maana ingekuwa mwisho wa kungoja. Naftali hakuinuka.

"Unaniambia mimi ya nini?" akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nilijua sikuiba." Akageuza uso upande wa jikoni. "Mwambie huyo. Nikiingia kuoga ananipekua mifuko. Miezi nane sasa, na anafikiri sijui."

Peris akatokea na sinia ya vikombe. Aliziona nyuso zao, akatabasamu.

"Baba Elisée, na leo mmetuletea show hapa?"

Bahizire akasimama. Akamwambia yote tangu mwanzo, koti na kadi na chapati aliyoifunga yeye Peris kwa mikono yake, na besi yote ilikuwa imemkauka, imebaki sauti nyembamba ya mtu mzima anayeogopa. Tabasamu likamtoka Peris. Akaiweka sinia sakafuni pale pale aliposimama. Wala hakumtazama Bahizire hata kidogo. Alimtazama mumewe, na ile mikono iliyokuwa ikipekua mifuko akaificha nyuma ya mgongo.